Nani anakutazama? Sifa ya mezani na karata za kuanzia katika poka ya mtandaoni

Julai 2007 Annette Obrestad, msichana wa miaka 18 kutoka Norwei, aliingia kwenye mashindano madogo ya poka ya mtandaoni: wachezaji 180, kiingilio dola 4. Aliziba sehemu ya skrini ambako karata zake mbili zilikuwa zikitokea, akacheza hivyo hivyo mpaka mwisho bila kujua ameshika nini. Kwa maelezo yake alichungulia mara moja tu, mpinzani alipoweka fedha zote na yeye akatakiwa kuamua. Akamaliza wa kwanza. Miezi miwili baadaye, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, alishinda shindano kuu la World Series of Poker Europe mjini London na kuondoka na pauni milioni 1.

Wengi hukisimulia kisa cha skrini iliyozibwa kama kioja. Kwangu ndicho kisa bora cha kumwonyesha mtu poka ya mtandaoni ni mchezo wa namna gani. Obrestad alikuwa na nafasi yake ya kukaa, kumbukumbu ya nani hufanya nini, na picha aliyoijenga vichwani mwa watu wa meza ile. Walipotupa karata zao walikuwa wakiogopa kitu ambacho hata yeye mwenyewe hakukijua. Picha hiyo, yaani wenzako wanadhani wewe ni mchezaji wa aina gani, ndiyo sifa yako ya mezani. Na swali linalowasumbua wengi wanaocheza kwenye simu na kompyuta ni hili: sifa hiyo ibadilishe kiasi gani karata ninazoanza nazo?

Kwa asiyeujua mchezo, katika Texas Hold'em kila mtu hupewa karata mbili za siri. Baadaye karata tano huwekwa wazi katikati, tatu kwa mpigo, kisha moja, kisha moja, na kila aliyebaki huunda mkono bora wa karata tano kutokana na zile saba. Kabla ya karata za katikati, watu wawili waliokaa kushoto kwa mgawaji hulazimika kuweka dau, mmoja dogo na mwingine kubwa. Zamu inapozunguka, kila mtu huchagua kutupa karata zake, kulipa dau lililopo, au kulipandisha. Uamuzi huo wa kwanza hufanywa mara nyingi kuliko mwingine wowote, na kosa lake hurithiwa na yote yanayofuata.

Karata 52 hutoa miungano 1,326 ya karata mbili. Ukiweka pamoja ile inayofanana kwa thamani, unabaki na aina 169. Ree mbili, karata dume za mchezo huu, huja kwa wastani mara moja katika kugawiwa mara 221. Jozi yoyote, kuanzia mbili-mbili hadi ree mbili, huja mara moja katika 17. Anayekaa kusubiri jozi za ree, kingi au kwini, pamoja na ree na kingi, atakuwa anacheza takriban asilimia 2.6 tu ya karata anazogawiwa, na madau ya lazima yatammaliza taratibu kwenye kiti. Kwa hiyo kila mchezaji analazimika kuingia na karata za kawaida. Majedwali ya kuanzia yametungwa kwa kazi hiyo. Katika meza ya watu sita, anayezungumza wa kwanza hufundishwa kuingia na chini ya moja ya tano ya karata zake. Aliye kwenye nafasi ya mgawaji, ambaye amebakiza watu wawili tu wa kumjibu na atakuwa wa mwisho kuamua baada ya hapo, anaweza kukaribia nusu.

Jedwali, hata hivyo, halijui umekaa na nani. Halijui kwamba dakika kumi zilizopita ulionekana na saba na mbili mkononi baada ya kupandisha dau mara tatu. Hapo ndipo sifa ya mezani inapoingia, na hapo pia ndipo watu wengi wanapojidanganya. Ninaloamini baada ya kuufuatilia mchezo huu ni kwamba sifa ina nguvu kubwa, lakini kwa mtu aliyeiona tu, na mtandaoni wengi hawajaiona. Kabla hujabadilisha karata zako za kuanzia kwa sababu "wananiona mtu wa fujo", tafuta kwanza ni nani hasa, kati ya wale wawili watatu ambao bado hawajazungumza katika zamu hii, aliyekuwepo na aliyekuwa akitazama.

Wanaocheza karata barazani jioni wanajuana kwa miaka. Wanajua nani hufurahi akipata turufu, nani hunyamaza, nani hachangi karata vizuri. Mtandaoni mtu anakuja na jina la kubuni, anakaa nusu saa, anaondoka. Kwenye meza ya ana kwa ana huchezwa takriban mikono 25 hadi 30, yaani migao ya karata, kwa saa. Ya mtandaoni hupita 60, na wapo wanaofungua meza nne, nane, hata zaidi kwa wakati mmoja. Mtu wa meza nane hakutazami wewe. Anatazama karata zake, dau lililopo, na kitufe kinachowaka kumwambia zamu imefika. Unaweza ukawa umefanya vituko vya kutosha kuandikiwa kitabu, naye akawa upande wa pili wa skrini anahangaika na meza nyingine.

Kuna watu wa namna tatu wanaokutazama kweli. Wa kwanza ni yule anayecheza meza moja tu, mara nyingi kwa simu, kwa ajili ya burudani. Huyo anaona mengi na anayachukulia kibinafsi. Ukimla fedha nyingi kwa karata mbovu atakukumbuka usiku mzima, na atakulipa kila dau kwa hasira kuliko kwa hesabu. Wa pili ni mchezaji mzoefu ambaye amepunguza meza ili asome watu. Wa tatu hatumii macho yake, anatumia programu. PokerTracker na wenzake husoma kumbukumbu ya kila mkono uliochezwa na kuonyesha namba pembeni ya jina lako: asilimia ya mara unazoingia kwa hiari, asilimia ya mara unazopandisha kabla ya karata za katikati, na nyingine nyingi. Kwake sifa yako ni namba mbili, tuseme 24 na 19, na utani wako kwenye kisanduku cha maongezi hauzigusi.

Pia kuna sifa inayotengenezwa kabla hujacheza karata hata moja. Wazoefu huangalia umekuja na fedha kiasi gani. Aliyekaa na kiwango kamili kinachoruhusiwa hudhaniwa anajua anachofanya, na aliyekuja na kiasi cha ajabu ajabu kilichobaki kwenye akaunti hudhaniwa ni mgeni. Huangalia kama ulisubiri zamu ya dau kubwa ikufikie ndipo ukaanza, au ulikubali kulipa papo hapo kwa kukosa subira. Huangalia picha na jina. Dhana hizo hukosea mara nyingi, lakini zinafanya kazi katika mikono yako ishirini ya mwanzo, wakati hakuna jingine la kushika.

Hiyo mikono ishirini inahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayozalisha sifa za uongo. Chukua mchezaji makini anayecheza asilimia 20 ya karata zake. Katika mikono 20 tunatarajia aingie mara nne. Lakini karata hazigawiwi kwa ratiba. Ukipiga hesabu ya kawaida ya uwezekano, utakuta kuwa takriban mara 9 katika 100 mtu huyo huyo ataingia mara saba au zaidi katika mikono hiyo 20, na wenzake watamwona mlevi wa karata. Takriban mara 7 katika 100 ataingia mara moja tu au asiingie kabisa, nao watamwona mgumu kama jiwe. Hajabadilisha kitu. Karata ndizo zimemvalisha nguo. Hata programu haiponi: mtu anayeingia kwa asilimia 25, akipimwa kwa mikono 30 tu, anaweza kuonekana popote kati ya karibu asilimia 10 na 40. Ni baada ya mikono elfu moja na kuendelea ndipo kipimo kinatulia ndani ya asilimia tatu hivi juu au chini.

Kwa hiyo sifa yako ni kitu unachogawiwa kwa kiasi kikubwa kama unavyogawiwa karata. Ukiijua mapema unaweza kuitumia. Ukidhani wenzako wanaijua tabia yako ya kweli, ile ya miezi sita iliyopita, utacheza na kivuli.

Sasa tuingie kwenye fedha. Meza ya watu sita, dau dogo shilingi 50, dau kubwa shilingi 100. Uko kwenye nafasi ya mgawaji, wote wametupa, wamebaki wawili wa madau ya lazima. Umeshika kwini na nane za aina tofauti, tuseme kwini ya kopa na nane ya uru. Unapandisha mpaka 250 ili uchukue zile 150 zilizopo. Tuseme kwa ukali kabisa kwamba ukilipwa umeshapoteza. Basi unahitaji wote wawili watupe angalau mara 62.5 katika 100, yaani kila mmoja wao atupe karibu mara 79 katika 100.

Wakikuona mtu wa kubana, anayeingia na karata nzuri tu, kila mmoja anaweza kutupa mara 82 katika 100. Wote wawili kwa pamoja watatupa mara 67, na kila jaribio litakuingizia wastani wa shilingi 19. Wakikuona mtu wa fujo, anayepandisha na karata yoyote, kila mmoja akashuka mpaka 75, wote wawili watatupa mara 56 tu, na jaribio lile lile, kwa karata zile zile, litakugharimu wastani wa shilingi 25. Tofauti kati ya sifa hizo mbili ni asilimia saba, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona mezani. Lakini kwini-nane imetoka kwenye karata za kuchezwa ikaingia kwenye karata za kutupwa. Katika hali halisi ukilipwa bado unashinda mara kadhaa, na kumbi nyingi za mtandaoni hazikati ada yao mkono ukiisha kabla ya karata za katikati, kwa hiyo mstari uko chini kidogo kuliko huu wa hesabu yangu. Mwelekeo haubadiliki.

Angalia pia ni karata zipi zinazoguswa. Ree mbili haziguswi. Utapandisha uwe mtakatifu au jambazi. Saba na mbili za aina tofauti haziguswi, utatupa. Sifa ya mezani inahukumu karata za katikati ya jedwali, zile zinazoishi kwa wenzako kutupa: kingi na nne, kwini na nane, jeki na saba, ree na karata ndogo ya aina nyingine. Anayesema sifa imebadilisha mchezo wake wote ama anatia chumvi ama anapoteza fedha. Inahamisha mpaka hatua chache, upande mmoja wa meza, kwa mtu fulani.

Kuonekana mtu wa fujo ndiko kunakoeleweka vibaya zaidi. Ushauri unaozunguka ni kwamba ukionekana mtu wa fujo, bana. Ushauri huo ni nusu tu, kwa sababu watu humjibu mtu wa fujo kwa njia mbili tofauti kabisa. Kuna wanaomlipa: wamechoka kupigwa mkwara, mtu mzima hatishiwi nyau, basi wanafuata kila dau ili waone. Na kuna wanaompandishia: wanasema huyu hana kitu, wanarudisha dau mara tatu ili wamtoe. Jibu la kwanza na jibu la pili hayataki karata zile zile.

Mbele ya anayelipa ovyo, tupa kwini-nane bila huruma, maana kazi yake ilikuwa kumfanya atupe, na hatupi. Badala yake zipe thamani karata kubwa za kawaida: ree na jeki, kingi na kwini, ree na kumi. Hizo zinapopata jozi mezani huwa mbele ya zile karata hafifu anazong'ang'ania. Pandisha kwa kiasi kikubwa zaidi ya kawaida ukiwa nazo, na usifiche kumi-kumi kwa kulipa kimya kimya. Huyu amekuja kulipa, mtoze. Jozi ndogo nazo hupanda bei hapa. Nne-nne hupata nne ya tatu katika karata tatu za kwanza takriban mara 12 katika 100, na siku hiyo ikifika unataka mtu asiyejua kutupa.

Mbele ya anayepandisha ovyo mambo hugeuka. Nne-nne na saba-sita za aina moja, ambazo zilitaka kuona karata za mezani kwa bei nafuu, sasa zinalipa na kufukuzwa kabla hazijaona chochote. Zipunguze. Baki na karata zinazoweza kusimama dau likirudishwa: jozi za kati kwenda juu, ree-kwini, ree-kingi. Na kwa zile chache za mkwara unazotaka kurudishia juu ya kurudishiwa, chagua zenye ree, kama ree na tano za aina moja. Sababu ni hesabu tupu. Ukishika ree moja, miungano ya ree mbili anayoweza kuwa nayo mwenzako inashuka kutoka sita hadi mitatu, na ya ree-kingi kutoka 16 hadi 12. Umemnyima sehemu ya karata ambazo asingezitupa kamwe.

Mtu wa kubana ana mfano wake maarufu, na anaitwa Dan Harrington. Alishinda shindano kuu la World Series of Poker mwaka 1995. Mwaka 2003, mwaka ambao mhasibu Chris Moneymaker aliingia kwa tiketi aliyoshinda mtandaoni na kuwapiga wachezaji 838, Harrington alimaliza wa tatu. Mwaka 2004 washiriki walifika 2,576, naye akafika tena meza ya mwisho na kumaliza wa nne. Sifa yake ilijulikana na kila mtu: hacheki na karata mbovu. Kwenye meza hiyo ya 2004 Josh Arieh alipandisha dau, Greg Raymer akafuata, na Harrington akarudisha kwa dau kubwa. Wote wakatupa. Alikuwa na sita na mbili.

Ukiitazama vizuri, karata zile mbili hazikuwa na maana yoyote, kama zilivyokuwa za Obrestad. Arieh, aliyepandisha kwanza, alikuwa na mtu mwingine bado nyuma yake, hivyo hakuweza kulipa kwa raha. Raymer, aliyefuata tu bila kupandisha, alikuwa ameshaonyesha kwamba hana jozi kubwa, maana angekuwa nayo angerudisha mwenyewe. Katikati ya woga huo wa watu wawili akaingia mzee asiyecheza ovyo na lundo la fedha. Harrington aliueleza mkono huo baadaye katika vitabu vyake, na ujanja huo sasa unafundishwa kila mahali. Kinachosahaulika ni bei aliyoilipa kabla: saa nyingi za kutupa karata mbele ya watu wale wale, wakiwa macho, wakimhesabu. Mtandaoni, kwenye meza ambayo watu watatu kati ya sita wamefika dakika tano zilizopita, mtu aliyetupa karata mara 25 mfululizo anadhani ameijaza benki. Waliofika sasa hivi hawajui kuna akaunti.

Kubana kuna mtego mwingine ambao sijaona ukisemwa kwa mkazo unaostahili. Ukiwa na sifa hiyo, watu hutupa sana unapopandisha. Vizuri. Lakini wale wasiotupa wameshakuheshimu na bado wamekuja. Mtu anayejua kwamba wewe huingia na karata nzuri tu, kisha akakurudishia dau, hana ree-tisa mkononi. Kwa hiyo sifa ya kubana inakuruhusu kufungua kwa karata nyingi zaidi na wakati huo huo inakulazimisha kutupa nyingi zaidi ukipingwa. Ree-jeki iliyofunguliwa kwa ujasiri itupwe bila kinyongo. Hata kumi-kumi zifikiriwe mara mbili. Wengi hufanya nusu ya kwanza, wakafurahia kuokota madau madogo madogo, kisha wakarudisha yote kwa mkono mmoja kwa sababu walisahau kuwa heshima waliyopewa imechuja wapinzani na kubakiza wenye karata.

Ukikaa upande wa pili, wa anayesoma sifa ya mwenzake, kanuni ya zamani ya mwandishi wa poka David Sklansky bado inafaa. Sklansky alieleza kwamba kuna pengo: karata unazohitaji ili kulipa dau la aliyekwisha kupandisha lazima ziwe bora kuliko zile ambazo wewe mwenyewe ungepandisha nazo wa kwanza. Upana wa pengo hilo unategemea aliyepandisha. Akipandisha mtu wa kubana kutoka nafasi ya kwanza, ree-kumi ni ya kutupa, maana ukipata ree mezani mara nyingi yeye ana ree yenye mwenza mkubwa. Akipandisha mtu wa fujo kutoka nafasi ya mgawaji, ree-kumi iyo hiyo ni ya kurudishia. Lakini nirudi kwenye ile hesabu ya mikono 20: hakikisha fujo yake umeiona kwa muda wa kutosha, au umeona karata zake zikifunuliwa mwishoni. Mikono mingi huisha bila kufunuliwa. Karata moja mbovu iliyofunuliwa ina uzito kuliko madau kumi yaliyopandishwa gizani.

Mashine zimeuweka mjadala huu mahali pazuri. Januari 2017 programu ya Libratus, kazi ya Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa kwa mikono 120,000, mmoja mmoja dhidi yake. Usiku ilikuwa ikiziba mianya yake yenyewe ambayo wanadamu waliigusa mchana. Mwaka 2019 ikaja Pluribus, ya meza ya watu sita, ambayo nayo iliwashinda wachezaji wa kiwango cha juu. Pluribus haibadilishi mchezo wake kwa kumsoma mpinzani. Haina habari na sifa ya mtu, na ukiichezea fujo saa tatu mfululizo haitakukasirikia. Inacheza mchanganyiko wake uliopangwa, unaompa kila mtu shida ile ile. Katika karata za kuanzia ilithibitisha jambo ambalo wazoefu walilisema siku zote: kuingia kwa kulipa dau kubwa tu bila kupandisha ni udhaifu, isipokuwa kwa aliye kwenye dau dogo.

Wapo waliosoma habari hizo wakaamua kwamba sifa ya mezani imekufa. Sikubaliani nao. Mashine ilionyesha kwamba mtu anaweza kushinda bila kuitumia. Haikuonyesha kwamba wanadamu wameacha kutupa kwa woga na kulipa kwa hasira. Maadamu wanafanya hivyo, kuna fedha zinazoachwa mezani na anayecheza jedwali tupu. Somo la mashine ninalolichukua ni la mpangilio: jedwali liwe msingi wako, na kila unapolikiuka uwe na jina la mtu na sababu. Ukikosa jina, rudi kwenye jedwali.

Kumbi zenyewe nazo zimekuwa zikiifuta sifa kwa makusudi. Mwaka 2010 Full Tilt Poker ilileta mchezo ambao ukitupa karata tu unahamishiwa meza nyingine palepale, na PokerStars ikafuata na Zoom mwaka 2012. Huko kila mkono ni watu wapya. Mwaka 2019 partypoker ilizuia programu za kuonyesha namba na ikawafungulia wachezaji kubadilisha majina yao. Kuna kumbi ambazo majina hayaonekani kabisa. Katika mazingira hayo anayepunguza karata zake kwa sababu alipandisha mara nne mfululizo anajinyima bure. Wanaomkabili mara ya tano hawakuwepo. Huko nyuma mtu wa namba alikuwa na faida kubwa juu ya mtu wa macho. Kwenye meza za kawaida za kumbi zilizoziba namba, macho yamerudi kuwa mali, na mtu wa meza mbili anayetazama anaweza kujua zaidi ya mtu wa meza kumi.

Kwa hao wanaobaki kwenye meza zenye majina, kumbi nyingi zina kijisanduku cha kuandikia maelezo juu ya mpinzani. Karibu wote hukitumia kuandika jinsi mwenzao anavyocheza: "hupandisha sana", "hatupi jozi". Andika pia alichokiona kwako. "Aliniona nikifungua na saba-sita za pao kutoka nafasi ya mgawaji, alinilipa mpaka mwisho, akapoteza 3,000." Wiki mbili baadaye mtu huyo akikaa kwenye dau kubwa na wewe uko nafasi ya mgawaji, jedwali litakuambia ufungue kwini-nane. Yeye bado anaidai ile 3,000. Kwini-nane inaingia kwenye takataka, na kumi-kumi zikija, badala ya kufungua 250 unafungua 350, kwa sababu yuko mtu mmoja kwenye meza hiyo ambaye sifa yako ameinunua kwa fedha zake mwenyewe na atataka kuithibitisha.